Tunu za Januari: kisa cha parokia iliyopungukiwa watu majira ya Epifania

Katika sakristia ya kila parokia ya Kianglikana kuna daftari moja kubwa, jalada lake limechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Ni rejesta ya ibada. Misa ikiisha, aliyeongoza anaandika mstari mmoja: tarehe, ibada gani, nani aliongoza, waliohudhuria, walioshiriki Meza ya Bwana, sadaka. Mwaka 2025 nilikuwa katibu wa parokia moja mkoani Njombe, na kisa hiki nilianza kukisoma katika mistari hiyo. Nimeacha jina la parokia na majina ya watu, kwa sababu wote bado tunaabudu pamoja na yaliyotokea hayakuwa ya mtu mmoja.

Mwaka ule Epifania, sikukuu ya mamajusi kumjia mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, iliangukia Jumatatu, nasi tukaisogeza nyuma siku moja tuiadhimishe Jumapili ya tarehe 5. Pasaka ilikuwa mbali, tarehe 20 Aprili, kwa hiyo Jumatano ya Majivu ikaja tarehe 5 Machi. Maana yake majira ya Epifania yalikuwa marefu: Jumapili nane baada ya sikukuu yenyewe. Anayeishi nyanda za juu anajua wiki hizo zikoje. Mvua zilizoanza Novemba au Desemba hazijapumzika. Mahindi yamefika magotini na palizi haisubiri. Mbolea ya kukuzia inatakiwa, na hata ikiwa ya ruzuku, mfuko mmoja ni fedha ambayo nyumba nyingi haina. Mahindi ya mwaka jana yamebaki ya chini ya gunia, mapya ni mpaka Juni au Julai. Katikati ya Januari shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali imefutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula havikufutwa, na anayekwenda bweni anadaiwa godoro na ndoo juu yake.

Katika rejesta, Jumapili ya tarehe 5 ilikuwa na watu wengi. Hilo halikushangaza, kwani wageni wa Krismasi walikuwa hawajarudi Dar es Salaam na Mbeya. Jumapili iliyofuata waliohudhuria walipungua, nayo pia haikushangaza. Kilichonishtua ni safu ya walioshiriki. Wageni wengi wa sikukuu hawaji kushiriki. Wanaoshiriki ni wale wa kila wiki, wenye kipaimara, ambao padre anawajua mpaka mabenchi yao. Safu hiyo ilishuka tarehe 12, ikashuka tena tarehe 19, na tarehe 26 ilikuwa imefika karibu nusu ya ilivyokuwa Novemba. Tuliopungukiwa walikuwa watu wetu wenyewe.

Ili nieleweke, nirudi kwenye ile Jumapili ya tarehe 5.

Sisi ni wa mapokeo ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), wale wamisionari wa Kianglikana walioingia pande hizi kupitia Ziwa Nyasa na kisiwa cha Likoma. Tunasema misa, tunamwita kasisi padre, na sikukuu kubwa zina uvumba. Epifania kwetu ni sikukuu ya kuona kwa macho. Watoto wa Shule ya Jumapili wanavaa mataji ya karatasi ya manila, watatu wanakuwa mamajusi, na wanapanda hadi altareni wakibeba visanduku vilivyofungwa vitambaa vya kung'aa. Nyuma yao wanakuja waumini wote na tunu zao, kwaya ikiimba, akina mama wakipiga vigelegele. Mwaka ule halmashauri ya parokia iliamua kuwa tunu ya Epifania iende kwenye mabati. Jengo jipya lilikuwa na kenchi tu, mbao zimeanza kugeuka rangi kwa mvua. Ili kazi iende, tulipanga kiwango: shilingi elfu kumi kwa kila kaya. Nami katibu nikaandaa orodha.

Baada ya matangazo nikaisoma, nikifuata jumuiya moja baada ya nyingine, jina la baba au mama wa kaya, na mbele yake neno moja kati ya mawili: "ametoa" au "bado". Ilichukua kama robo saa. Nakumbuka nilijitahidi kusoma kwa sauti ya upole. Nilidhani upole wa sauti unatosha.

Kisha tukatoka nje kwa mnada. Kwa asiyejua, mnada wa sadaka ni desturi ya makanisa mengi huku kwetu: aliyekuja na jogoo, mayai, debe la mahindi au ndoo ya viazi anaviweka mbele, kijana mwenye sauti anageuka dalali, vitu vinauzwa hapo hapo na fedha inaingia kanisani. Naupenda mnada, niseme wazi. Mtu ananunua jogoo kwa elfu kumi na tano halafu anasema, "Narudisha, auzwe tena," na jogoo yule yule anauzwa mara tatu watu wakishangilia. Mwenye fedha anapata nafasi ya kutoa bila kuonekana anajikweza, na mwenye kuku anaona kuku wake amekuwa mali. Julai na Agosti, ghala zikiwa zimejaa, ni furaha tupu.

Januari ni kitu kingine. Siku ile kulikuwa na manyunyu, watu wamejibana chini ya upenu, na vitu mezani vilikuwa vichache. Dalali akafikia kikapu kidogo kilichofunikwa majani ya maboga. Akafunua. Ndani mlikuwa na uyoga, ule wa porini unaoota mvua zikikolea, bado una udongo kwenye shina. "Uyoga! Nani ana mia tano ya kwanza?" Kimya. Akarudia. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, kwamba uyoga tunaokota wenyewe. Wengine wakacheka. Mhazini akatoa elfu moja haraka ili jambo liishe, dalali akashukuru, akaendelea na sukari.

Kikapu kile kilikuwa cha bibi mmoja mjane anayekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Ili uyoga uwe mbichi saa nne asubuhi, ilibidi ainuke alfajiri aingie porini kwenye umande, ndipo arudi nyumbani kujiandaa kwa ibada. Nimelipata hilo baadaye kwa kulifikiria tu. Siku ile sikuwaza. Jumatatu nilipofungua sakristia kuweka vitabu, uyoga ulikuwa bado mezani. Mhazini aliusahau. Ulikuwa umenywea na kuwa mweusi, maji yake yametia doa kwenye kitambaa. Nikautupa nyuma ya choo na kikapu nikakiosha.

Tarehe 26, baada ya misa, halmashauri ilikaa kwa sababu ya mabenchi matupu. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kawaida. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni palizi, watu wako mashambani. Kijana mmoja akasema ni makanisa mapya yaliyofungua hapo barabarani, yenye spika kubwa na maombi ya uponyaji. Mhazini akasema ni uchovu wa sikukuu, kila mwaka Januari iko hivyo. Mama mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hawako shambani. Jumapili wako nyumbani, wamekaa." Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Tuliagana kwa kukubaliana kwamba tutembelee watu.

Nilizunguka jumuiya nne wiki ile, nikiwa na mzee mmoja wa kanisa, na mambo mawili niliyokutana nayo yalibomoa maelezo yetu yote.

La kwanza ni jumuiya zenyewe. Zetu zinakutana Alhamisi jioni nyumba kwa nyumba: wimbo, somo, maombi, kisha chai ya rangi au uji. Wale ambao hatukuwaona misani Jumapili tatu niliwakuta pale, na walikuwa wameshika Kitabu cha Sala, wanaombea wagonjwa kwa majina, wanaitikia bila kuangalia ukurasa. Kama palizi ingekuwa ndiyo sababu, ingewazuia Alhamisi kuliko Jumapili. Kama wangekuwa wamehamia kwa wenye spika, wasingekuwa pale. Sadaka ya jumuiya inakusanywa kwa kofia inayopitishwa, kila mtu anaingiza ngumi iliyofumbwa na kuitoa imefunguka. Hakuna anayeona kilichokuwamo.

La pili ni mtaa wetu wa juu mlimani, tawi la parokia lililo mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Padre anafika huko mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista anaongoza Sala ya Asubuhi. Mvua ni ile ile, udongo ule ule, shule zinazodai madaftari ni zile zile. Rejesta yao ilikuwa haijashuka hata kidogo. Nikamwuliza katekista alifanyaje na tunu ya Epifania. Akasema barua ya kiwango ilimfikia, lakini aliona aibu kuisoma. Aliweka tenga nyuma ya mlango, akalifunika kanga, akawaambia watu watakapoingia kila mmoja amwekee Bwana alicho nacho. Walipata nini? Akacheka kidogo. "Maboga mengi, katibu. Na mia mbili mbili." Yale maboga waliwapikia watoto.

Hapo nilianza kuelewa, lakini aliyenielewesha kabisa ni baba mmoja wa makamo, fundi ujenzi, ambaye Januari huwa hana kazi kwa sababu hakuna anayejenga kwenye mvua. Alitupokea vizuri. Tulisalimiana kamwene, salamu ya huku kwetu, mkewe akatuletea viazi vya kuchemsha. Tulipokaribia kuondoka alinisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono, akasema, "Katibu, mwanangu mdogo ameniuliza, baba, kwa nini kanisani unaitwa Bado?"

Sikuwa na la kumjibu. Mwenye sauti ile nilikuwa mimi.

Uchambuzi wangu ni huu. Dhiki ya Januari haiwatoi watu kanisani. Imekuwapo tangu babu zetu, na watu wamekuwa wakija nayo, wamevaa makoti yaliyolowa, wakaimba. Kinachowatoa ni dhiki hiyo kusomwa kwa sauti mbele ya majirani. Mtu wa huku anaweza kula mlo mmoja kwa siku na jirani asijue, na heshima yake iko hapo. Ukimtaja mbele ya mabenchi thelathini kwamba bado, umemvunjia ukuta wa nyumba. Hatagombana nawe wala kuandika barua. Atakaa nyumbani Jumapili, amevaa nguo safi, akisikia kengele.

Tena tulifanya hivyo siku ambayo injili ingeweza kutuzuia. Nimesoma Mathayo sura ya pili mara nyingi tangu hapo. Watu wanasema wafalme watatu, lakini Mathayo hasemi walikuwa wafalme wala hasemi walikuwa watatu. Anasema mamajusi kutoka mashariki. Anachohesabu ni vitu: "wakamtolea tunu, dhahabu na uvumba na manemane." Tunu zimetajwa moja moja, watoaji hawana hata jina. Sisi tuligeuza. Tunu zetu zote zikawa kitu kimoja, elfu kumi, na watoaji tukawataja mmoja mmoja. Na neno lenyewe tunu, kwa Kiswahili chetu, ni kile kitu unachomtunzia mtu unayempenda. Haliwezi kubeba kiwango. Likipangiwa kiwango linakuwa kodi, na wazee wetu wanakumbuka vizuri kodi ya kichwa ilivyokusanywa.

Sitaki mhazini aonekane mtu mbaya katika maelezo haya. Yeye ndiye anayekosa usingizi kwa ajili ya parokia. Kuna mchango wa dayosisi, kuna posho ya padre, kuna mafuta ya pikipiki ya kufika mitaani, divai na mishumaa hununuliwa, na zile kenchi zilikuwa zinaoza kweli. Hoja yake kwamba kanisa halijengwi kwa maboga ni hoja nzito na bado ninaiheshimu. Alikosea majira. Alidai Januari fedha ambayo inapatikana Julai, nami nikamsaidia kuidai.

Mabadiliko hayakuanzia kwenye kikao. Yalianzia Jumapili ya tarehe 2 Februari, ambayo mwaka ule iliangukiana na sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana hekaluni. Ni siku ya kubariki mishumaa. Tuliingia tumeishika, upepo wa mlangoni ukazima ya wengi, watu wakawa wanawashiana. Injili ni ya Luka: Yusufu na Mariamu wanampeleka mtoto Yerusalemu, Simeoni mzee anampokea mikononi, na Ana nabii yuko pale. Padre hakuanza na Simeoni. Alianza na mstari ambao huwa tunaupita mbio, ule wa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kisha akafungua Walawi sura ya kumi na mbili, akatusomea sheria yenyewe: mama aliyejifungua alete mwana-kondoo, lakini kama mali yake haifikii mwana-kondoo, ataleta ndege wawili, na kuhani atamfanyia upatanisho vile vile. Akaurudia mstari ule. Akasema familia ya Bwana ilikuwa katika safu ya wale ambao mwana-kondoo alikuwa bado. Alitumia neno hilo hilo, bado, kisha akaacha kimya kidogo kipite. Hakuitaja orodha, wala mabati, wala halmashauri.

Majira yale yale yaliyofunguliwa kwa dhahabu yakatuleta kwa makinda ya njiwa, na mtoto ni yule yule. Sikuwahi kuziona siku hizo mbili zikitazamana hivyo.

Orodha ilikuwa bado imebandikwa ubaoni karibu na mlango. Misa ilipoisha nilimwomba padre ruhusa, nikaibandua. Watu walikuwa wanatoka, waliniona, hakuna aliyesema kitu.

Halmashauri ilikaa Jumanne. Majina hayasomwi tena, ya waliotoa wala ya ambao hawajatoa; hilo la waliotoa ndilo lililoleta ubishi mrefu, kwa sababu wapo wanaotoa ili wasikike na fedha yao ni fedha. Mnada ukahamishiwa Sikukuu ya Mavuno. Kapu likawekwa karibu na birika la ubatizo, limefunikwa, na linakuwapo kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Misa ya Februari tukaisogeza hadi saa moja asubuhi ili wenye shamba wapate siku yao, na vijana wakaanza kwenda Jumamosi kwa ujima kupalilia mashamba ya wajane na wagonjwa. Hili la vijana lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, maana mtu akishapaliliwa shamba na watoto wa kanisa ni vigumu kukaa nyumbani kengele ikilia.

Mabenchi ya katikati yalijaa taratibu kufikia mwisho wa Februari. Yule fundi alirudi Jumapili ya tarehe 16, amemshika mwanawe mkono. Jumatano ya Majivu kanisa lilikuwa na watu wengi kuliko tulivyoandaa majivu, na padre ilibidi ayatumie kidogo kidogo. Familia mbili hazikurudi. Moja iko kwa jirani zetu Walutheri na wanaonekana wamekaa vizuri. Nyingine sijui iko wapi siku ya Jumapili. Mabati yalipatikana baada ya mavuno, upande mmoja wa paa. Upande wa pili bado unapigwa na mvua, na mhazini akipita pale hunitazama.

Mwaka uliofuata, 2026, Epifania ilikuwa Jumanne. Tuliiadhimisha siku yake, saa kumi jioni, watu wakitoka mashambani, wengine na matope kwenye buti. Watoto walivaa mataji yao ya manila. Kapu lilikuwa mahali pake, na kila mtu alipita hapo kwa mkono wake chini ya kitambaa.

Yule bibi wa uyoga alikuja. Siku hizi hakai benchi la tatu; anakaa la mwisho, karibu na mlango, na tangu ule mwaka hajarudi mbele hata kwa kuombwa. Misa ilipoisha nilimfuata, nikainama kumsalimia.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu." Akaniangalia kidogo, akavuta kanga yake mabegani. "Mwaka huu uyoga umechelewa."

Nikamshika mkono kumsaidia kushuka ngazi, maana zilikuwa zinateleza.